Kiswahili cha Bibi Halina kwenye Vilima vya Kazimierz

Bibi Halina,

Shikamoo. Leo nimekuwahi, na huna la kufanya.

Najua hukujifunza kusoma Kiswahili. Ulikisema tu, vile ulivyokiokota utotoni, kwa hiyo itabidi usomewe barua hii na yeyote aliye karibu nawe huko. Kama ni mumeo, pole yake, maana uliniambia hakujua neno lolote la Kiswahili zaidi ya chai. Naandika nikiwa kwenye kantini ya depo. Nimemaliza nusu ya kwanza ya zamu, basi langu amelichukua mwenzangu, na mimi nina muda mpaka nirudi barabarani. Dereva mmoja ameniuliza naandika nini kirefu hivi. Nikamwambia naandika barua. Kwa nani? Kwa jirani yangu. Sikutaka maswali zaidi, nikainamisha kichwa.

Kwanza habari za nyumbani. Mlango wako wameupaka rangi ya kijivu, rangi mbaya kweli, ungegomba. Ameingia kijana na mkewe na mtoto mchanga. Ni watu wazuri, ila wananisalimia kwa kutikisa kichwa tu, na mimi nilikuwa nimeshazoea makubwa. Lifti inaharibika kama kawaida yake. Bata maji wa pale ziwani wametotoa, na Thamesmead nzima imeota majani, hata zile kuta za zege zinaonekana zimefurahi. Magoti yangu yanaendelea vizuri, na hilo nakushukuru wewe.

Nikisimulia jinsi tulivyokutana watu hawaniamini. Nilikuwa chini nasubiri lifti, mikono yote ina mifuko, simu nimeibana begani naongea na mama yangu aliye Usa River. Wewe ulikuwa umesimama pembeni na kofia yako ya sufi, mdogo, mweupe kama chaki, umeegemea fimbo. Nilipomaliza kuongea ukaniinulia macho ukasema, "Shikamoo, mama." Bibi, nusura niangushe samaki! Mtu wa umri wa kumzaa mama yangu ananiamkia mimi! Mdomo ukaitika "marahaba" kabla akili haijafika, kisha nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Ukanikaribisha chai, na hapo jikoni kwako ndipo nilipopata kisa chote. Vita viliwatoa kwenu ukiwa bado unabebwa, mkapelekwa Siberia kwenye baridi, mkapita Uajemi, mkapanda meli, na mwisho wa safari yote hiyo mkashushwa Tengeru, chini ya Mlima Meru, kwenye kambi ya wakimbizi wa Kipolandi. Ulikaa huko mpaka ukafika miaka kumi. Mimi nimezaliwa na kukulia jirani kabisa na Tengeru, nimesoma huko, nimeuza ndizi huko, na habari za kwetu nilikuja kusimuliwa na bibi wa Kipolandi kwenye jiko la Thamesmead. Nilipokuuliza kwa nini unaniamkia mimi mdogo, ulinieleza kana kwamba mimi ndiye nisiyejua mambo, habari za yule mwanamke wa kwetu aliyekuwa akiwaletea maziwa kambini. "Mama wa maziwa alisema, ona mama, sema shikamoo. Yeye hapana sema nitaacha lini."

Basi ikawa ndiyo shughuli yetu ya kila asubuhi, kuviziana mlangoni. Mimi nakimbilia kukuamkia kwa sababu ya umri wako, wewe unaniwahi kwa sababu mama wa maziwa hakukupa ruhusa ya kuacha. Majirani walidhani tunagombana.

Sasa nikuambie jambo ambalo hatukuwahi kulizungumza waziwazi, ingawa nadhani ulilijua. Ni kuhusu Neema wangu.

Unakumbuka ulipomwona mara ya kwanza, binti mrefu, mkimya, anaelewa kila neno la Kiswahili lakini anajibu kwa Kiingereza. Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa mdogo alikuwa anachapa Kiswahili chake cha kuungaunga bila wasiwasi wowote. Kisha tukaenda kwenye harusi ya watu wa kwetu, kwenye ukumbi mmoja hapa hapa Thamesmead, akaambiwa asimame awasalimie wazee. Akasimama, akaanza, maneno yakamtoka shaghalabaghala, na ukumbi mzima ukacheka. Hakuna aliyecheka kwa ubaya. Walicheka kwa mapenzi, wengine walimshangilia na kumtunza. Lakini mtoto hakujua tofauti. Akakaa chini, na tangu siku hiyo Kiswahili hakikutoka tena mdomoni mwake.

Na mama yangu hajui Kiingereza. Kwa hiyo miaka yote nilikuwa nakaa katikati yao na simu mkononi. Mama anasema, "Mwambie namkumbuka." Neema anasema, "Tell her I miss her too, Mum." Mwambie, tell her, mwambie, tell her. Nilikuwa natafsiri huku nakaanga vitunguu. Mama anazeeka, Bibi. Siku hizi anachoka mapema, na kila nikimsikia anavuta pumzi kabla ya kusema neno, nilikuwa napatwa na hofu moja: kwamba ataondoka duniani bila kuwahi kuzungumza na mjukuu wake, wao wawili, bila mimi. Hofu hiyo niliendesha nayo basi, nikalala nayo, nikaamka nayo. Nilijaribu kumbembeleza Neema, nikajaribu kufoka, nikamnunulia vitabu vya hadithi. Kila alipothubutu neno moja nilikuwa hapohapo namsahihisha, maana mimi ni mtu wa kupenda vitu vikae sawasawa. Akafunga mdomo zaidi.

Wewe hukumbembeleza. Ulibisha tu mlango Jumapili moja ukasema, "Mama Neema, twende mlima. Na mtoto."

Mlima wenyewe ulikuwa kile kilima cha msitu wa Lesnes, juu ya Abbey Wood, kwenye magofu ya watawa. Nikauliza tunakwenda wapi. "Hapana mahali. Tembea." Nilicheka sana. Kwetu ukikutana na mtu njiani atakuuliza unakwenda wapi, na ukimjibu huendi mahali popote atakuuliza unaumwa nini. Mimi nimepanda na kushuka miteremko ya Meru na mikungu ya ndizi kichwani, nimekuja Uingereza nikapata kazi ya kukaa, nikamshukuru Mungu kwa kiti. Halafu wewe, na nyonga yako ile mbovu, ukanitoa kwenye kiti nitembee bure! Wiki ya kwanza nililala na miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Wiki ya tatu nilikuwa nakungoja mlangoni, viatu nimeshavaa.

Ulikuwa na taratibu zako. Mayai ya kuchemsha, na chumvi umeikunja ndani ya kipande cha karatasi. Kamwe tusirudi kwa njia tuliyoendea. Na kila mtu tunayepishana naye msituni lazima tumsalimie. Masikini watu wa London! Yupo bwana mmoja mwenye mbwa aliyevua vile vidude vya masikioni akakuuliza kama umepotea, kama uitiwe mtu. Ulimjibu kwa Kiingereza chako kilichonyooka kuliko chake kwamba hapana, unamtakia tu asubuhi njema. Neema alijificha nyuma yangu kwa aibu, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Kiingereza ulikijua, ulikuwa umeishi nacho karibu maisha yako yote. Lakini kwa Neema ulikikataa kabisa. "Kiingereza ya ofisi," ulisema. Mkawa mnapanda kilima, wewe unamsimulia kwa Kiswahili chako cha mtoto wa Tengeru, ndizi, mbuzi, mto, nyumba za mviringo, na yeye anakujibu kwa Kiingereza au kwa kucheka. Mimi nyuma nilikuwa nang'ata ulimi. Kila sentensi yako ilikuwa na kitu cha kurekebisha. Siku ya Krismasi wageni wangu walikusikia wakavunjika mbavu, watu wazima wanajipangusa machozi, na mimi nikataka ardhi ipasuke kwa ajili yako. Wewe ukaweka kikombe mezani. Ukawatazama mmoja mmoja, bila hasira, mpaka wakatulia. "Kwisha cheka? Mimi naendelea." Ukaendelea na hadithi yako ya mbuzi mpaka mwisho. Neema alikuwa amekaa kwenye zulia miguuni pako, na sikumtazama usoni wakati ule. Laiti ningemtazama.

Na ulikuwa unatuambia habari za Kazimierz, mji wa mumeo. Mji mkongwe kando ya mto Wisła, na nyuma yake hifadhi ya vilima na makorongo ambako mlikuwa mkitembea kila kiangazi mpaka alipofariki. "Mwaka ujao mimi peleka nyinyi." Mwaka ukija nyonga inakataa. Mwaka ujao, Bibi. Mwaka ujao.

Kisha ikaja Januari. Niliambiwa nikiwa nimemaliza zamu, nikakaa kwenye basi tupu mpaka mwenzangu akaja kugonga kioo. Nililia. Sikulia vile mtu anavyomlilia jirani, nililia kama nilivyomlilia baba yangu. Kwenye mazishi, pale kanisani kwenu, waliimba kwa Kipolandi na mimi sikuelewa neno, lakini Neema alinishika mkono muda wote.

Safari alianzisha yeye. Aliingia jikoni akasema, "We should go, Mum. To her hills." Nikasema tuna kazi, tuna shule, hatumjui mtu huko. Akaniambia shule zinafunga mwisho wa Mei, na kuhusu kutomjua mtu, tunamjua Bibi. Nikaomba likizo.

Sasa nami nimeuona mji wako. Zile nyumba ndefu za kale uwanjani, zenye kuta zilizochongwa sanamu, nimezigusa. Tumekula mkate wenye umbo la jogoo, na Neema alikataa kuanza na kichwa. Tumepanda kilima chenye misalaba mitatu, nikasimama juu nikatazama Wisła umelala chini, mpana, hauna haraka, na mapaa mekundu yamejikusanya pembeni. Nilisema kwa sauti, asante, Bibi. Watalii wakageuka.

Asubuhi iliyofuata tukaingia kwenye vilima. Hukuniambia kwamba watu huko wanasalimiana! Au uliniambia, nikadhani unaipamba tu nchi yako. Kila anayekuja mbele yako, mzee, kijana, mama na mtoto mgongoni, "jen dobri," na wewe unaitika, "jen dobri." Nimeishi Ulaya miaka mingi na sikuwahi kuona watu wakisalimiana njiani kama watu. Neema akaanza kuwawahi. Matamshi yake sijui yalikuwaje, maana watu walitabasamu na mmoja alicheka waziwazi, lakini mtoto hakujali, alimngoja anayefuata akamsalimia tena. Nikaona, nikashangaa kidogo, kisha nikalisahau kwa sababu ya matope.

Matope ni makosa yangu. Unajua jinsi ninavyojisifu kwamba sijawahi kupoteza ruti. Njia za huko zimechorwa rangi kwenye miti, mstari wa rangi katikati ya mistari miwili myeupe, na sisi tulikuwa tunafuata ya kijani. Kwenye njia panda ya makorongo niliongoza kwa kujiamini, na nadhani nilifuata ya njano. Mvua ikaanza. Ule udongo wa manjano, Bibi, ukilowa ni sabuni. Makorongo yamezama kuliko urefu wa basi la ghorofa, mizizi ya miti imening'inia kuta zote mbili, na mimi katikati nikateleza nikakaa kitako mbele ya msafara wa watoto wa shule. Wote wakanisalimia kwa heshima. Neema alikuwa anajikaza asicheke mpaka akashika mti.

Nikamwambia akae hapo juu, chini ya mti mkubwa, na mabegi yote, mimi nirudi chini nikatafute ule mstari wa kijani. Simu yangu ilikuwa begini.

Nilishuka, nikauona mstari, nikaanza kupanda kurudi. Katikati ya korongo nikasikia sauti ya mwanamke inaongea Kiswahili. Nikasimama. Maana kilikuwa Kiswahili chako, Bibi. Si cha mtu mwingine yeyote duniani.

"Mimi hapana choka. Mama choka. Mama anguka kwa matope, watoto yote naona!"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni Neema. Bibi yake alikuwa amepiga simu kama apigavyo kila Jumamosi, na mimi sikuwepo kukaa katikati. Mtoto angeweza kuiacha simu ilie. Aliipokea, akafungua mdomo, na kilichotoka ni kile ulichomwekea kidogo kidogo kwenye kilima cha Lesnes, pamoja na mama wa maziwa na mbuzi na Tengeru yote. Alikuwa ananisemea, mbea yule. Na mama yangu akacheka. Nilikisikia kicheko chake kwenye spika, kile kicheko chake cha kuishiwa pumzi, kinapiga kwenye kuta za korongo, nami nilijua kicheko kilimfanyia nini mtoto huyu zamani. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, mdomo unafungwa tena.

Neema alingoja bibi yake acheke mpaka mwisho.

"Kwisha cheka?" akasema. "Mimi naendelea."

Kutoka Usa River nikamsikia mama yangu, taratibu kabisa, "Endelea, mjukuu wangu. Endelea."

Sikupanda. Nilikaa pale chini kwenye matope, mvua inaninyeshea, nikashikilia mzizi mmoja wa mti wa Kipolandi, nikalia na kucheka kwa pamoja. Wapandaji wawili walipita. Nikawasalimia, wakaitika, wakanipita bila kuniuliza kitu. Niliwaacha waongee mpaka simu ikaisha chaji.

Ninakushukuru, Bibi Halina. Sijui niliseme hili namna gani ili likutoshe. Wewe ulichukuliwa kwenu ukiwa huna meno, ukafundishwa na mwanamke wa kwetu namna ya kusalimia, ukakitunza alichokupa maisha yako yote bila kukionea haya, na ukamkabidhi mwanangu. Nimejitahidi miaka mingi kumpa Neema Kiswahili kilichonyooka na sikuweza. Wewe ulimpa cha kwako kilichopinda, na ndicho alichoweza kukibeba. Namshukuru na yule mama wa maziwa, ingawa jina lake hukuwahi kulijua. Inawezekana kabisa mama yangu alimjua.

Siku hizi mama hanipigii mimi. Anampigia Neema. Juzi nimetoka kazini nikawakuta kwenye simu, mlango wa chumba umefungwa, wanacheka. Nikabisha, nikaambiwa nisubiri. Nilisimama kwenye korido ya nyumba yangu mwenyewe, naona wivu moyoni, na nina furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Desemba tunakwenda Usa River, na Neema ameshanitangazia kwamba siku za kwanza niende kwa dada yangu Arusha mjini, niwaachie nafasi.

Wananiita, basi langu limefika. Kwaheri, Bibi yangu. Lala vizuri karibu na mumeo, na upande vilima vyote ambavyo nyonga ilikunyima.

Nakuahidi kitu kimoja, na unavyonijua utaona si kidogo. Sitamsahihisha Neema. Shangazi zake watataka kumnyoosha, walimu watataka, na mimi mwenyewe ulimi utaniwasha, lakini nitaung'ata. Kila akikosea nakusikia wewe, na sitaki kosa hata moja lipotee.

Mama Neema